Waya wa Arzella Ukutani

Mimi ndiye Hosea Lunceford niliyempulizia mtungi Arzella Pettigrew, kuusindikiza muziki wake, miaka thelathini. Mkisikia hapa Mississippi eti Arzella alivuma kwa sababu yangu, jueni maneno hayo nimeyasambaza mwenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtungi ni vivyo hivyo.

Arzella hakuwa na gitaa. Alikuwa na waya mmoja alioufungua kwenye ufagio tangu usichana wake, akaupigilia kwa misumari miwili kwenye ukuta wa mbao pale kibarazani, akapachika chupa za ugoro chini yake ili ukaze. Mkono huu unadonoa, ule unatelezesha kisu cha mezani. Alipiga bluzi, zile nyimbo za majonzi za watu wetu, za enzi za bibi yake, na wanaume waliokuja kumcheka waliondoka wanapangusa macho. Watu walikuja hata kutoka Memphis! Nami kando yake, mtungi mdomoni, vuu, vuu, mashavu yamevimba kama chura.

Wiki moja kabla hajafa alinishika mkono hospitalini.

"Hosea, siku ya kunizika unipigie waya wangu. Wimbo mmoja tu, tena wa kanisani, Mchungaji asije akapasuka."

"Na mtungi je?"

"Uache nyumbani. Si nakwenda kupumzika?"

Nikaahidi. Siku tatu nzima nilimbembeleza Mchungaji Tolliver, ambaye waya ule aliuona mali ya shetani, hadi akakubali. Sasa zioneni akili zangu. Asubuhi ya mazishi nikaenda kibarazani kwake na koleo, nikang'oa waya, misumari na chupa, nikavifunga vyote kwenye ubao wa mwaloni nilioupiga msasa ukang'aa. Nikajiona fundi kwelikweli. Njiani nilijitazama kwenye kioo cha gari mara mbili.

Kanisa limefurika. Nikadonoa. Nti. Nikakaza waya, nikadonoa tena. Nti. Hata mbu angenishinda. Mdogo wake Arzella, Velma, akageuka kwenye kiti cha mbele. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya. Alikaa nyumba moja na dada yake, lakini siku za bluzi hukumwona kibarazani hata kwa dawa.

"Hosea, umetuletea kamba ya kuanikia nguo?"

Kanisa zima likacheka, na jeneza liko mbele yetu. Niliona aibu, jamani, nikatamani ardhi inimeze. Kitu kimoja aliniomba yule mwanamke, kimoja tu, na nimekiharibu.

"Waya ni ule ule, Dada Velma."

"Waya naona. Nyumba umeiacha wapi, baba?"

Njia ya makaburini inapita mbele ya nyumba yao. Tulipofika, Velma akaamuru gari la maiti lisimame.

"Shuka, Hosea. Rudisha ulichoiba."

Nikashuka na suti yangu, nikapigilia misumari kwa jiwe kwenye matundu yale yale, nikijiponda kidole mara mbili huku Mchungaji akitazama saa. Nikadonoa. Ukuta mzima ukaitika, mbao, madirisha mpaka bati la paa. Watu wakavua kofia. Wimbo wa kanisani niliupiga vibaya, lakini niliumaliza.

"Nipe kisu," akasema Velma. "Wewe nenda kakae kitandani kwangu, uegemee ukuta huu huu kwa ndani."

"Kitandani kwako kuna nini?"

"Humo chumbani ndimo nilimosikilizia miaka yote, Mchungaji asinione. Nenda, mzee, tusimcheleweshe marehemu."

Mchungaji Tolliver alikohoa, akaanza kuchunguza viatu vyake.

Nikaingia, nikaketi, nikaegemea. Velma akadonoa, na haikuwa ya kanisani. Ilikuwa bluzi ya dada yake, kila mtelezo wa kisu mahali pake, na ukuta ukaniingizia sauti mgongoni hadi mbavuni. Humo ndani mlikuwa na vilio vidogo, vicheko, mpaka pumzi, vitu nisivyovijua kabisa. Nikalia kama mtoto. Miaka thelathini nilikaa ubavuni pa Arzella, na hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipousikia muziki wake. Siku zote palikuwa na mjinga mmoja anapuliza mtungi.