Sifa Nilizomsomea Shefu wa Zoni

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu: siku tuliyomaliza kilio cha aliyekuwa shefu wa zoni, yaani kiongozi wa mitaa yetu hapa Bwiza. Nilikuwa kijana, fundi cherehani kwa Mzee Hamadi, na kwa kuwa nilisoma kidogo na sauti ninayo, familia iliniomba nisome sifa za marehemu.

Nikaziandika nyingi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; mimi nikadhani maiti hana tembo la kuharibu, basi msifu tu! Nikasema alituletea bomba la maji, sisi na watu wa Buterere alikoongoza kwanza, na kweli alileta. Nikasema hakumwonea mtu. Hapo nilidanganya, na nilijua. Nilikuwa Buterere siku alipoamuru nyumba zivunjwe, tingatinga likipita huku mvua inanyesha.

Watu walipiga makofi. Kisha akasimama Mama Neema, mkulima wa mpunga kutoka Buterere.

"We kijana, maji yake mi nakunywa, nashukuru," akasema. "Lakini nyumba yangu alivunja. Tulilala inje, mutoto wangu akashikwa na baridi, akakufa. Sasa unasema hakuonea mutu. Mi si mutu?"

Wakamzomea. "Nyamaza, mama! Marehemu hasemwi!"

Mzee Hamadi, aliyeketi karibu yangu, hakupaza sauti. "Kumuombea Mungu amrehemu ni haki yake," aliniambia. "Kumutolea ushahidi wa uongo, apana. We ulikuwa Buterere. Simama."

Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa jiwe. Nikasimama. Nikasema, "Mama Neema anasema kweli. Niliona kwa macho yangu, nikaficha."

Kaka wa marehemu akanishika kola anitoe nje. Binti mkubwa wa marehemu, mwalimu wa shule, akamzuia. Alipita katikati ya watu mpaka kwa yule mama, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, mutoto wako alikuwa anaitwa nani?"

"Espérance."

Binti akalitamka jina lile kwa sauti, wote tukasikia. Kisha akaomba dua isomwe kwa baba yake na kwa Espérance pamoja. Mama Neema naye akaitikia amina. Mimi nilikuwa nalia kama mtoto. Familia ile haikunisalimia mwaka mzima, isipokuwa binti yule, ambaye nguo zake nilizishona mpaka alipohamia mkoani.

Sasa amekufa mkubwa mwingine wa serikali, nanyi vijana mnagombana kwenye simu zenu: huyu anamfanya malaika, yule shetani. Nisikilizeni. Aliyekufa ana Mola wake wa kumhukumu, wala hahitaji msaada wenu. Kazi yenu ni kushuhudia. Alichojenga kitajeni bila wivu. Alichovunja kitajeni bila woga. Na kabla hujamsifu mtu wala kumlaani, nenda kaulize waliokuwa chini ya mkono wake, uwasikilize mpaka wamalize. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nchi inayoficha maovu ni hivyohivyo.

Mungu akupe, mwanangu, ulimi usioogopa na moyo usio na chuki. Na siku yako itakapofika, wanaokukumbuka wasiwe na jambo la kuficha. Amina.