Kondoo wa Kumwosha Boay

Mwaka ule nyumba yetu ilinuka kondoo. Kondoo tulikuwa nao siku zote, tukilala nao chini ya paa moja kama familia nyingi za Kiiraqw huko juu ya Karatu, mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro. Lakini huyu alifungwa peke yake karibu na mafiga, jike mweupe asiye na doa, na harufu ya moshi, ya mkojo wake na ya manyoya yaliyolowa ukungu iliingia hadi kwenye sare yangu ya shule. Nilikuwa na miaka kumi. Kondoo huyo alikuwa wa kumwosha kaka yangu Boay, askari aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Uganda.

Baba hakuvipenda vita vile, na hakujua kunyamaza. Kijiji kizima kilikuwa kikitoa mahindi na ng'ombe kwa ajili ya jeshi, shuleni mwalimu alitufundisha nyimbo za kumzomea adui, na mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wenzangu kwa sababu kaka yangu alikuwa huko. Baba akasimama mkutanoni akasema kwamba hata huyo adui amezaliwa na mama. Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa rafiki yake, alimfuata hadi nyumbani kumwomba auchunge ulimi. Nilimwonea baba aibu. Kwa wengine, "wapiganapo tembo nyasi huumia" ni methali tu. Yeye alizoea kuamka na kukuta mahindi yake yamelala chini na tembo wamesharudi msituni. Kila Jumapili alimwombea Boay kanisani, kisha akawaombea na wa upande wa pili, kwa sauti, watu wakageuka kumtazama.

Boay alirudi mzima wakati wa mavuno. Vijana wengine wawili wa kijiji walichinjiwa mbuzi siku hiyohiyo. Wetu alipokewa na baba njiani kabla hajafika uani, mama na mimi tukiwa nyuma, na baba akamuuliza taratibu kama alikuwa ameua mtu. Boay angeweza kusema hapana, ila hakuzoea kumdanganya baba.

"Ndiyo, baba," alisema. "Mmoja nilimwona uso."

"Basi usiingie kwanza, mwanangu. Tutakuosha."

Kwetu mtu aliyeguswa na kifo hujitenga, na hali hiyo tunaiita metimani. Hapewi mkono, hagusi mbegu, chombo chake ni chake peke yake, mpaka siku anapochinjiwa kondoo na kuoshwa. Baba alikuwa Mkristo wa kubatizwa, lakini kwa jambo hili aliwaendea wazee, nao wakaipanga siku: mwezi utakapoandama mara ya tatu. Boay akakaa katika kibanda cha kulindia nyani mwisho wa shamba, na mimi nikapewa kazi ya kumpelekea uji na ugali, niweke juu ya jiwe, nirudi nyuma. Tulizungumza kwa mbali. Aliniuliza habari za shule, na nilipoanza kumwimbia zile nyimbo aliniomba niache.

Siku moja uji wa moto ulinimwagikia mguuni, nikapiga kelele. Akaja mbio akaninyooshea mkono. Nikarudi nyuma.

"Hata wewe, Vero?"

"Baba amesema una damu," nikamjibu.

Aliutazama mkono wake, kisha akaingia kibandani. Kesho yake hakuwepo. Zilikuwa zimebaki siku nne tu mwezi uandame. Alitembea hadi barabara kuu, akapanda lori la mahindi kwenda Arusha, akarudi jeshini, na hakukanyaga tena kwetu, hata tulipomzika baba. Barua yake ilikuja moja tu, aliyomwandikia mama, nayo haikumlaumu mtu yeyote. Hilo ndilo lililomliza mama zaidi. Alimwambia baba kwamba amemfukuza mtoto aliyerudishwa na Mungu. Baba akasema, "Nilikuwa namrudisha," na sikumsikia akijitetea tena. Yule kondoo hakumuuza wala hakumchinja. Alizeekea mlemle ndani, na alipokufa baba alimchimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe. Nami sikumwambia mtu habari ya ule mkono. Ndiyo kwanza naiandika leo, na inaniuma kama jana.

Siku hizi Karatu ni mji wa hoteli na magari ya watalii, na metimani wanaikumbuka wazee wachache. Vita nimevichukia kama alivyovichukia baba, lakini mtu hajichagulii: kitinda mimba wangu ni askari. Aliporudi kutoka kulinda amani nchi za watu, nilifanya kinyume cha baba kwa kila kitu. Nilimkumbatia barabarani, nikachinja mbuzi, nikakataza mtu yeyote kumuuliza chochote. Miaka imepita. Anakuja likizo, anakaa mezani pangu, anakula, anashukuru. Mara mbili alianza kusema, "Mama, kule nilikokuwa," nami nikainuka haraka kwenda kumwongezea chai. Sasa haanzi tena.