Jumuiya Isiyo na Mtakatifu

Theopista alipowaambia wanawake wenzake wa Old Moshi kwamba amejiunga na jumuiya nyingine, hakuna aliyeuliza kwa nini. Wifi yake Justina, ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulifinya, aliuliza, "Jumuiya ya mtakatifu nani?"

"Haina mtakatifu, wifi. Iko kwenye intaneti."

"Na sala mnasalia wapi?"

"Hatusali. Tunaandikiana."

"Chai je?"

"Hakuna chai."

"Mtakatifu hakuna, sala hakuna, chai hakuna," Justina akasema huku akimenya ndizi. "Hiyo si jumuiya, wifi. Hiyo ni foleni ya posta."

Theopista alikuwa mhamasishaji wa jamii. Jina hilo alilipata kwenye semina, pamoja na fulana na cheti. Kazi yenyewe ni kuwakalisha pamoja watu wasiotaka hata kuonana kivuli, na kwa kazi hiyo huku mlimani mtu hakosi ajira. Huko kwenye intaneti alikuwa amegundua kundi la watu wa kazi kama yake kutoka kila pembe ya dunia, wanaoulizana na kushauriana kwa barua pepe. Akashuka mjini, kwenye kafe ya Harshil, akajiandikisha, kwa sababu alikuwa na jambo lililomshinda.

Jambo lilikuwa maji. Miaka hiyo mwanzoni mwa elfu mbili, kahawa ilikuwa imeanguka bei mpaka wazee wakawa wanaisalimia tu asubuhi, basi. Wanawake wakageukia kabichi na nyanya kwenye mashamba ya chini. Mashamba hayo yananywa kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, uliochimbwa na babu zetu wakati babu za watu wengine walikuwa bado wamekaa wakisubiri mvua. Na mfongo ule ulipita katika kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Mzee Primus, naye Mzee Primus alikuwa ameuziba kwa mawe na udongo, Januari, jua likiwa kali kama shemeji aliyenyimwa pombe.

Aliuziba kwa nini? Kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwenye harusi ya mjukuu wake Gladness, Mzee Primus alipika mbege mwenyewe, akajisifu wiki nzima. Jirani yake wa chini, Mzee Thadeus, akapokea kata, akaonja, akakunja uso mbele ya wakwe wote, kisha akaimwaga iliyobaki kwenye shina la mgomba na kuuambia ule mgomba, "Nisamehe." Watu walicheka mpaka bwana harusi akasahaulika. Kesho yake mfongo ukafungwa. Kwamba chini ya Thadeus kuna mashamba ya wanawake wasiomwaga mbege ya mtu, hilo Primus hakulijali. Theopista alipiga mbiu ya msaragambo ili watu wote watoke na majembe wakauzibue. Hakutokea mtu. Wa juu walikuwa wa Primus, wa chini wa Thadeus, na kabichi zilikuwa katikati, zikisinyaa.

"Leo wale wataalamu wako wamekujibu, Mama?" Harshil alikuwa akimuuliza kila akiingia, naye anafuta kioo cha kompyuta ambayo mwendo wake ulikuwa wa konokono aliyetoka kula.

Walijibu, tena kwa wingi. Bwana Graham wa Skotlandi aliuliza kama ameshachora ramani ya wadau. Mama mmoja wa Kanada alimpongeza kwa ujasiri wa kuuliza. Bwana mwingine akasema swali lake halifai hapo, maana jumuiya ile ni ya kujadili mbinu, si mifereji. Hapo ndipo ukazuka ugomvi. Wengine wakasema linafaa, wengine halifai, wengine wakagombania kama barua ziwe ndefu au fupi, tena kwa barua ndefu. Yule bwana wa mbinu akaaga kwa hasira, na kuaga kwake kulikuwa kurefu kuliko mahubiri ya Pasaka. Baada ya siku chache akarudi kama mtu aliyesahau kofia.

Theopista, na kamusi yake ya Kidato cha Nne magotini, alicheka peke yake mpaka Harshil akageuka. Kumbe watu ambao kazi yao ni kupatanisha wameshindwa kupatana! Lakini ndani ya kile kicheko alijisikia mwepesi. Miaka yote alidhani ni huku tu mlimani watu ni wagumu. Kumbe kina Primus wametapakaa dunia nzima, wengine wana digrii.

Halafu akaugua malaria. Akawaandikia kwamba atakosekana. Aliporudi kwenye kompyuta alikuta pole zimerundikana, nyingine zenye maua yaliyochorwa kwa nukta na mabano. Alizisoma zote, zikampendeza. Ila uji wa siku zile za homa uliletwa na Justina, aliyeuweka kando ya kitanda na kusema, "Kunywa. Au unasubiri wa Kanada waulete?"

Katikati ya rundo lile la pole palikuwa na barua ya mama anayeitwa Lourdes, wa Ufilipino. Huyu hakuuliza habari za ramani. Aliandika kwamba kwao nako kuna mfereji, wa mpunga, na wazee wawili, na ugomvi wao ulianzia kwa jogoo, na kwamba yeye mwenyewe alishalia kwa ajili ya jogoo huyo mpaka mumewe akadhani kuna msiba. "Usiwaambie wazungumze," aliandika. "Wazee wakizungumza wanakumbuka. Wapigishe kura hadharani. Karatasi usilete, itaonyesha nani hajui kusoma. Tumia majani. Jani hili ndiyo, jani lile hapana. Wakishaona idadi, wataona aibu."

Theopista aliisoma mara mbili, akapanda mlimani akiwa na haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni.

Mkutano ukaitwa uani kwa Mzee Thadeus, maana ndio uwanja pekee mpana. Mzee Primus alikuwa ameapa kutokukanyaga pale, kwa hiyo akasimama njiani, nje ya ua, kifua kimegusa miti. Hajaingia, lakini hakosi neno.

"Shikamooni wazee," Theopista akaanza. "Leo hatusemi sana. Anayetaka mfongo ufunguliwe, ainue jani la mgomba. Asiyetaka, ainue jani lingine lolote."

Wanawake walikuwa wamejiandaa. Majani ya migomba yakainuka kama shamba limepata miguu. Hata wale wa upande wa Primus, wake zao wakiwa wanawatazama, waliinua vipande vidogo.

"Na wanaokataa?"

Mzee Primus alikuja mikono mitupu. Kwa hasira akapeleka mkono kwenye ua mbele yake, akanyofoa jani la kwanza lililokutana na vidole.

Sasa, ua wa Mzee Thadeus ni wa isale, kama ua wowote wa Mchagga anayejiheshimu. Isale ndilo tunalopanda mpakani. Lakini isale ndilo pia unalobeba kumwendea uliyemkosea, na ukishamfikishia, umemwomba msamaha, naye hana njia ya kukataa, hata kama ulimchomea nyumba. Mtoto wa kunyonya anajua hivyo. Mzee Primus ndiye aliyekuwa akiwafundisha vijana jambo hilo. Ila mkono wa hasira hauna macho.

Theopista aliliona lile jani. Kinywa kilifunguka kusema, "Mzee, siyo hilo." Halafu akazikumbuka kabichi. Kinywa kikafungwa, na mama wa watu, Mungu amsamehe, akawa na shughuli kubwa ya kufunga kilemba.

"Jibu langu hili hapa!" Mzee Primus akanguruma, akalipitisha jani juu ya ua mpaka karibu na pua ya Mzee Thadeus.

Mzee Thadeus akainuka polepole, akavua kofia, akalipokea kwa mikono miwili.

"Primus," alisema. "Umeniletea isale?"

Primus akautazama mkono wake. "Hiyo ni kura!"

"Kura gani inaota kwenye ua wangu?"

Hapo Justina, kwa roho mbaya iliyo safi kabisa, akapiga kigelegele, na wanawake wote wakakidaka. Kigelegele kikishapigwa, nani atakirudisha kinywani?

"Nimekataa mimi!" Primus akapaza sauti. "Nitaombaje msamaha, na mimi ndiye niliyetukanwa?"

Mzee Thadeus hakucheka. "Ndiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyetukanwa, na wewe ndiye umeleta isale. Mimi niupeleke wapi uso huu?" Akaligeuzageuza lile jani. "Ile mbege haikuwa imechacha, Primus. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ndiyo maana niliimwaga."

Primus akainamisha sikio juu ya ua.

"Rudia," Primus akasema.

"Ilikuwa nzuri."

"Kuliko ya nani?"

"Kuliko yangu."

"Sema kwa nguvu. Wale wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa nguvu. Jumamosi iliyofuata msaragambo ulijaa watu mpaka majembe yakagongana, na wa kwanza kung'oa jiwe alikuwa Mzee Primus mwenyewe. Kila akipiga jembe alimwambia aliye karibu, "Nafungua, lakini kura yangu ni hapana."

Theopista akaandika habari hiyo kwenye jumuiya yake. Walifurahi! Wakaipa jina, Mbinu ya Majani. Bwana Graham akaomba mwongozo wa hatua kwa hatua, pamoja na jina la mmea, aagize. Theopista akamjibu kwamba mmea hautoshi, inabidi kwanza uwe na watu ambao babu zao walishakubaliana juu ya jani hilo. Hilo hakulijibu mtu. Walikuwa wameshaanza kugombania kama majani ni mbinu au ni mchakato. Lourdes peke yake aliandika, "Nimecheka hadi mume wangu akadhani ule msiba umekwisha." Theopista akamwomba Harshil amchapishie barua hiyo, akaikunja, akaiweka ndani ya kamusi.

Maji yalifika mashamba ya chini asubuhi moja, yana matope, yamebeba maganda ya ndizi na kandambili ya mtu. Justina aliyafuata pembeni mwa mtaro mpaka yalipogusa safu ya kwanza ya kabichi, akasimama humo humo, miguu imezama.

"Wifi," aliita bila kugeuka. "Huyo mwenzako wa jogoo."

"Lourdes?"

"Huyo huyo. Mwandikie aje achukue kabichi."

"Yuko Ufilipino, wifi."

Justina akainama, akafungua mtaro wa pili kwa mkono. "Basi mwambie zikioza si kosa letu."