Kidole Changu Kwenye Mkataba wa Kiitaliano wa Mama Zaituna

Wakuu, amani iwe kwenu.

Naandika kutoka Kindu, Maniema, huku Kongo. Mimi ni mzee, katekista wa siku nyingi, ndiyo maana huku huniita Mwalimu, na humu huwa nasoma zaidi kuliko kuandika. Leo naleta jambo lililonipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea. Sehemu inayoniaibisha sitairuka, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Kwanza mjue nilivyoingia kwenye kutafsiri. Mapadri wa parokia yetu walikuwa Waitaliano. Niliwapigia barua zao kwa mashine miaka mingi, Kiitaliano kikaniingia kupitia vidole. Kiingereza kilikuja baadaye, nilipokuwa mkalimani wa walinda amani pale uwanja wa ndege. Namshukuru Mungu kwa lugha zote mbili. Zimenilisha.

Sasa turudi miaka ya vita.

Ng'ambo ya mto, Alunguli, alikaa mjane Mwislamu, Mama Zaituna. Alikuwa na kiwanja kizuri karibu na kivuko. Wanawake wa upande ule walikuwa wakijifungulia kwenye mchanga wa ukingoni, kwa sababu risasi zikilia hakuna mtumbwi unaovuka kuwapeleka hospitali.

Paroko wetu, Padri Renzo, alimwomba kile kiwanja ili ajenge materniti, nyumba ya kujifungulia. Mama alikubali kabla Padri hajamaliza kuomba.

Marafiki wa Padri kule Italia walikuwa tayari kutuma mabati na vitanda, ila wakili wao alitaka mkataba kwanza. Akatuma fomu ya Kiitaliano, kurasa nne, nakala tatu.

Mkataba ulikuwa wa aina wanayoiita comodato. Maana yake, mtu anakuazima kitu chake bila malipo, unakitumia, kisha unakirudisha. Miaka ishirini. Hilo nilimweleza Mama vizuri na alilielewa. Kiwanja kinabaki chake.

Ila kulikuwa na kifungu cha tisa. Kilisema miaka ikiisha, na mwenye kiwanja akikaa kimya, mkataba unajirudia wenyewe kwa miaka ishirini mingine. Hicho nilikuwa sijamsomea. Tulikuwa na haraka, Padri alikuwa anaondoka kesho yake kwa ndege na zile nakala.

Waitaliano wana desturi moja, wakuu. Kwa vifungu vizito kama hicho, sahihi moja haitoshi. Chini ya sahihi ya kwanza kuna maneno madogo yanayovitaja kwa namba, na hapo unasaini tena kwa ajili ya hivyo tu. Ni kinga ya mnyonge, asije akafungwa na jambo ambalo hakuonyeshwa.

Tulikuwa kwenye baraza ya Mama Zaituna, mchana kweupe. Hakujua kuandika. Akasema Bismillahi, akaweka dole gumba kwenye nakala zote tatu, akainuka kwenda kunawa wino kwa limau.

Nikamwambia bado mara moja. (Maneno yetu nayaacha kwa Kiswahili cha kwetu; "njo" ni "ndiyo".)

"Tena ya nini, Mwalimu?"

"Njo desturi yao, Mama. Wanapenda mara mbili."

"Mimi niliisha kusema ndiyo. Mbele ya Mungu, mbele yako, mbele ya Padri. Sasa nirudilie, kama mwizi kwa polisi?"

"Hapana, Mama. Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, basi waiache vile iko. Kidole yangu haisemi mara mbili."

Akaenda kunawa.

Msimwone mkaidi. Kwetu mtu akishatoa neno lake mbele ya mashahidi, kumwomba alirudie ni kumwambia hukumsadiki. Na mimi, badala ya kukaa naye chini nimsomee kifungu cha tisa ili ajue kwa nini anaombwa tena, niliangalia barabarani. Padri alikuwa kule anaongea na mwenye mtumbwi. Pedi ya wino ilikuwa wazi mbele yangu.

Nikaweka kidole changu. Nakala tatu, mara tatu.

Sikujiona nimetenda dhambi. Niliona nimewasaidia wajawazito. Nimeungama mambo mengi maishani mwangu, madogo kuliko hili, lakini hili halikuwahi kunijia kwenye kitubio.

Mabati yalifika. Materniti ilijengwa. Watoto waliozaliwa pale wengine leo ni baba na mama, nikipita wananisalimia. Mama Zaituna alifariki, Mungu amrehemu. Baadaye kikafunguliwa kituo kikubwa cha afya karibu, materniti ikafungwa, nyumba ikabaki tupu.

Sasa tuje kwenye siku hizi.

Wale marafiki wa Italia walizeeka, chama chao kikafungwa, mikataba yao ikapewa shirika jingine linalofanya kazi kwa Kiingereza. Shirika likamtuma Mkenya mmoja, Bwana Mutua, mtu mpole sana. Alikuja kwangu na scan ya ule mkataba. Wakili wao alitaka tafsiri ya Kiingereza, kwa sababu walikusudia kuifanya ile nyumba kuwa stoo. Miaka ishirini ilikuwa imeshapita bila mtu kusema neno.

Wiki hiyohiyo akaja Salima, binti wa Mama Zaituna. Anapanga chumba na watoto wake wanne, na alitaka kujenga kwenye kiwanja cha mama yake.

"Baba Mwalimu, wanasema karatasi inawapa miaka makumi mbili ingine. Njo vile?"

Nikamjibu kwamba bado natafsiri.

"Basi tafsiri muzuri. Mimi sina pengine pa kwenda."

Nilifanya kazi ile siku tatu, kila asubuhi baada ya misa. Nitoke kidogo nje ya mada kwa faida ya vijana mnaojifunza kazi hii. Kiitaliano cha sheria kina maneno yanayokaribisha mtu kama ndugu kumbe si ndugu. Risoluzione ukiiandika "resolution" umepotea. Ni kuvunjika kwa mkataba, andika "termination". Recesso si "recess", ni mtu kujitoa. Na comodato usiiite "free loan", Mwingereza atafikiri ni mkopo wa pesa. Niliandika "gratuitous loan for use", pakawa pazuri.

Kifungu cha tisa nacho kikatoka bila shida: "tacit renewal".

Nikafika ukurasa wa mwisho.

Mtafsiri wa hati hatafsiri maneno tu. Anatafsiri kila kinachoonekana kwenye karatasi: mihuri, maandishi ya pembeni, sahihi. Unaandika kwenye mabano kile unachokiona na ni cha nani. Mwisho unaweka tamko lako kwamba ni kamili na ni kweli.

Alama ya kwanza niliandika: dole gumba la Zaituna, mwenye kiwanja.

Alama ya pili nilikaa nayo.

Nina kovu kwenye dole gumba la kulia, panga la utotoni. Kwenye ile scan lilionekana wazi, mstari mweupe unaokata wino katikati. Bwana Mutua hakuliona. Hakuna ambaye angeliona. Na ningeweza kuandika "thumbprint" peke yake, bila jina. Isingekuwa uongo. Ningeweka tamko langu na kulala.

Nilitoa rozari, nikasali mafungu mawili. La tatu sikulifikia, maana nilishajua. Nikaandika kwenye mabano:

Alama hii si ya mwenye kiwanja. Ni ya mtafsiri, aliyekuwapo siku hiyo. Mwenye kiwanja alikataa kuiweka, na kifungu cha tisa hakusomewa.

Bwana Mutua alisoma mara mbili.

"Mzee, unajua hapa umeandika nini?"

"Najua."

"Wakili akiona hii, kifungu hicho kimeanguka. Na wewe je? Nani atakupa hati tena?"

Nikamwambia huenda asipatikane.

Siku hiyohiyo nilivuka mto. Nilimkuta Salima anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia yote, nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Akaanza kucheka.

"Baba Mwalimu, Mama alikuona. Alikuwa anatuambiaka, 'Mwalimu aliweka kidole yake, alizani niko nanawa macho.'"

"Na mbona hakuniuliza?"

"Alisema ile ni maneno yako na Mungu wako."

Kisha kicheko kikaisha. "Lakini kifungu ya tisa hakuijuaka. Ile haukumuambia."

"Sikumwambia."

Alirudi kwenye sombe yake. Nilibaki nimesimama hadi aliponisogezea kigoda kwa mguu.

Wakili alijibu kwamba kwa jinsi karatasi ilivyo, hawana miaka ishirini mingine. Bwana Mutua akaja kwa Salima kuomba, kama Padri alivyoomba. Wakakubaliana: shirika litumie nyumba miaka miwili, Salima ajenge kwenye nusu ya kiwanja iliyo upande wa barabara tangu sasa. Mkataba mpya ukaandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na kazi nikapewa mimi. Niliomba kitu kimoja, pawe na sahihi ya pili kwa vifungu vizito, kama Waitaliano. Nilimsomea Salima kila kifungu, nikamwuliza anieleze alichosikia, tukaendelea.

Alisaini mara ya kwanza. Alipofika mahali pa pili alisimamisha kalamu, akaniangalia.

"Baba Mwalimu. Mikono mufukoni."

Bwana Mutua alicheka hadi akavua miwani. Nikaiweka mikono mfukoni. Akasaini.

Nimekwenda kitubio, wakuu, nimelitaja. Nililojifunza ni kwamba kuharakisha jema kulinifanya nimnyime Mama Zaituna haki ya kuuliza, na watoto wake nusura walipie. Mtu akikataa kusaini, kaa naye chini kwanza.

Wanaotafsiri, wanasheria, na mliowahi kusaini msichosomewa, semeni yenu, hata ya kunikemea. Mimi nipo hapa nasoma, mikono mfukoni.