Wimbo Ambao Shangazi Alitaka Uzimwe

Nikisikia harufu ya mwani unaoanikwa, ile chumvi iliyochanganyika na kitu kinachotaka kuoza, masikio yangu yanaanza kuimba. Msinicheke. Kwetu Kiegeani, mwani na sauti ya Shangazi Mwanakombo havikuachana.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa mwani, wa kusomea hasa, na alikuwa mwimbaji. Siku za kazi alipima joto la maji ya bahari. Likizo ikifika anavuka kwenda Dar kurekodi zile nyimbo za kina mama wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Wimbo wake wa kwanza ulisifu maji ya ufukweni, yanayoishia magotini na kulea mwani kama mtoto. Ulipigwa kwenye kila simu. Nahisi hata kuku wa kijijini Ndagoni waliujua. Kina mama nao wakang'ang'ania kupanda palepale kwenye maji ya magotini, maana Shangazi kasema.

Miaka ikaenda, maji yale yakazidi kupata moto. Shangazi akapima, akapima tena, akarudi studio na wimbo mpya: ondoeni kamba, nendeni kwenye kina. Huo hakuna aliyeupiga.

Kwenye harusi ya binamu yangu, DJ akaweka ule wa zamani. Shangazi akainuka na gauni lake la njano, akachukua kipaza sauti.

"Zima huo, mwanangu. Maji yamebadilika."

"Ehee, wifi!" mama yangu akadakia. "Umetuletea kipimajoto harusini? Na pilau utaipima?"

Watu walicheka mpaka turubai likataka kuruka.

"Wifi, nakuomba. Toa kamba zako kabla mwani haujakuishia."

"Nizipeleke kwenye kina? Mimi sijui kuogelea. Utanishika mkono wewe?"

Shangazi alimrudishia DJ kipaza sauti.

"Rudisha wimbo, baba," mama akamwambia DJ. Akacheza mpaka kanga ikamdondoka, nami nikajiona mtoto wa mshindi wa dunia nzima. Shangazi aliondoka kabla ya pilau, na hakurekodi tena.

Siku chache baadaye nikafuatana na mama pwani. Mwani wake ulikuwa mweupe kama miba ya samaki, ukiugusa unakatika. Mimi nilipiga yowe. Mama hakushtuka. Aliinama akaanza kuokota vipande, kama mtu anayeendelea na kazi ya jana.

Nilikuwa mtu mzima, nasinzia kwenye masomo ya jioni, mwalimu aliposema mwani haugeuki mweupe mara moja. Huanza kidogo kidogo. Usingizi ukaniruka. Kumbe siku ya harusi mama alikwishauona weupe ule. Hakuwa akimkomoa Shangazi. Aliutaka wimbo urudiwe kwa sababu humo tu ndimo mwani wake ulimokuwa bado mzima.