Watoto wa Kuazima

Enzi zetu pale Temeke, mtoto mchanga aliazimwa kama mchi wa kinu. Unatoka shule, unavua sare, unakula kiporo chako, kisha unakwenda kubisha hodi nyumba ya tatu. "Shikamoo mama Rehema. Nimekuja kumwazima mtoto." Naye mama Rehema, mikono imejaa unga, anakuonyesha kwa kidevu alipolala mtoto. Hakuulizi unampeleka wapi wala utamrudisha saa ngapi. Akishikwa na njaa atarudi tu, maana utamrudisha mbio mwenyewe. Ninyi mliokulia uani kama mimi mnajua ninachosema.

Haya yalinijia Jumapili iliyopita, nimekaa barazani kwa binti yangu Saida huko Kimara. Nilikwenda kumlea mjukuu wangu Nasra, mtoto wa miezi minane, kwa sababu kesho yake mama yake alikuwa anarudi kazini. Tatizo lilikuwa moja: Nasra hanitaki. Akiiona sura yangu anaangua kilio kama aliyebanwa kidole na mlango. Saida aliniambia, kwa upole, kwamba mambo yasipotengemaa hadi jioni, atampeleka kituo cha kulelea watoto. Nikajibu sawa, halafu nikatoka nje nisije nikalia mbele yake. Kukataliwa na mjukuu wako mwenyewe kunauma, nisiwadanganye.

Basi nikakaa pale, macho nusu yamefumba, nikarudi Temeke.

Mchezo wetu ulikuwa rede. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira wa soksi uliojazwa matambara, na wewe uliye katikati unakwepa. Ukiguswa, umetoka. Lakini mtaa wetu ulikuwa na sheria yake: mpira ukimpiga mtoto wa mgongoni, hauhesabiki. Hapo kila mtu akawa anatafuta mtoto, na si mtoto tu, mtoto mnene. Huyo wa mama Rehema, mwenye mapaja kama mikate, tulimgombania. Tunamfunga kwa kanga, fundo kifuani, tunaingia mchezoni kwa majivuno. Mpira unatua pwa, mtoto anacheka, mchezo unaendelea. Mama zetu wako barazani wanachambua mchele, wanatuona na wala hawashtuki.

Ukimbeba mtoto mgongoni humwoni uso, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa macho yako. Unapita kwa muuza kachori, anakwambia, "We Mwajuma, mwenzio kalala huyo." Unapita kwa fundi cherehani, naye anakwambia kichwa kimelala upande, mkalishe vizuri. Unasimama, unainama kidogo, unamrusha juu, unakaza fundo, mnaendelea na safari yenu. Watoto wale walinukia mafuta ya nazi na maziwa yaliyochacha shingoni. Jioni, jua likiwa limelegea na vumbi la mtaa limetulia, unahisi mate ya mtoto yanakuteremka mgongoni, pumzi yake inapungua hadi inalingana na yako, na hujui tena anayesinzia ni yeye au wewe. Mpaka leo nikifumba macho nausikia uzito ule.

Sasa akahamia mama Elia. Alikuwa mwalimu, mtu wa bara, mumewe akihangaika na mizigo ya watu bandarini Kurasini. Walipanga chumba cha mwisho katika nyumba yetu. Mtoto wao Elia hakupakwa wanja, hakufungwa uzi mweusi mkononi, na hakuazimwa. Tukibisha hodi, mwalimu anafungua mlango nusu, anatabasamu, anasema mtoto amelala. Kesho yake amelala. Keshokutwa amelala. Mama Rehema akasema uani kwamba mtoto wa mwalimu anasinzia kumshinda paka wa msikitini. Wakubwa wakakata shauri kuwa yule mama anaringa. Mimi maringo hayakunihusu. Nilikuwa nimemwona Elia dirishani na mashavu yake yale, nikamtamani kwa ajili ya rede.

Siku moja mwalimu akashikwa na tumbo ghafla. Mumewe akamkimbiza hospitali, akalazwa, akapasuliwa kidole tumbo. Elia akabaki mikononi mwa wanawake wa nyumba yetu na majirani, na kila aliyempokea, mtoto alimkataa. Mama Rehema alimwimbia, akamkataa. Mama yangu alimpa uji, akautema. Baba yake aliporudi kutoka kazini alimbeba, mtoto akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunusa bega lile akimtafuta mama yake, na kilio kikaanza upya. Ilipofika mchana wa pili sauti ilikuwa imekauka, midomo imepauka, na utani wa uani ukaisha kabisa. Mtoto hanyonyi, hali, hanywi. Watu wazima walianza kuangaliana, na mimi niliogopa kwa sababu wao waliogopa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa pembeni anasuka ukili. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mnampokezana sura," alisema. "Zote ngeni kwake. Mpeni mgongo. Mgongo hauna ugeni."

Akaniita mimi, maana mgongo wangu ulikuwa na uzoefu kuliko wa wengi pale. Akaniinamisha, akamweka Elia, akatufunga kwa kanga ya mwalimu iliyokuwa kitandani kwake. Mtoto aligoma, akanipiga mateke ya mbavu. Bibi akaniambia nitembee tu. Nikatoka uani, nikapita kwa muuza kachori, nikapita kwa fundi cherehani, nikarudi. Mateke yakapungua. Bibi akaja nyuma yangu na kikombe cha uji, akawa anamlisha kwa kidole huku yeye mwenyewe ameangalia kando, kama mtu anayemsengenya jirani. Nikamsikia Elia anameza. Ilikuwa sauti ndogo sana, karibu na sikio langu, na sijaisahau. Mama Rehema, yule yule wa paka wa msikitini, alijifunika uso kwa upindo wa kanga akalia.

Mwalimu aliporudi, anatembea polepole ameshika ubavu, mwanawe hakuwa chumbani. Alikuwa katikati ya rede. Nilimwona yule mama nikaganda, na mpira ukampiga Elia mgongoni. Wenzangu wakapiga kelele kwamba hauhesabiki. Elia akacheka, kisha akageuza shingo akamwona mama yake, na kilio alichoangua hapo kilikuwa kingine kabisa, cha mtu aliyefika kwao baada ya kupotea. Nilimfungua haraka. Mwalimu akakaa barazani akamnyonyesha, machozi yanamdondoka kwenye kichwa cha mtoto.

Baadaye alimweleza mama yangu kwamba kwao nyumba ziko mbalimbali, katikati ni migomba, na mtoto hatoki mikononi mwa mama yake na nyanya yake mpaka atembee. Kumtoa nje kwa watu, yeye aliona ni kumtupa. Mama naye akamwambia kweli, kwamba sisi tuliona kutomtoa ni kututupa sisi. Wakacheka pamoja, mwalimu amejikaza asiumize mshono.

Wiki iliyofuata hodi ilibishwa mlangoni kwetu. Alikuwa mwalimu, na Elia amepakwa wanja wa nyusi, mmoja juu, mwingine chini, kazi ya mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza.

"Mwajuma," alisema, "mtoto huyu hapa. Leo hajalala."

Leo Saida ana geti, ana ukuta, ana kamera inayomwonyesha mwanawe kwenye simu hali yuko chumba cha pili tu. Amesoma huko kwenye simu kwamba mtoto akipokezwa mikono mingi anachanganyikiwa. Nilimwambia mimi nilipokezwa na mtaa mzima na nimechanganyikiwa kidogo tu. Hakucheka. Ana mkoba wa kumbebea mtoto kifuani, wenye mikanda na vifungo vingi kuliko mzigo wa bandarini. Jumamosi nilijaribu kuuvaa, ukanishinda hata kabla ya kufika kwa mtoto. Lakini simlaumu. Analea karibu peke yake na anaogopa, na mimi woga huo niliwahi kuuona kwenye mlango uliofunguliwa nusu.

Nilikuwa katika mawazo hayo Nasra alipoamka analia. Nikaingia ndani, safari hii bila kumwonyesha sura. Nikaingia kinyumenyume, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Saida amweke mtoto mgongoni.

"Mama, na hayo magoti yako?"

"Magoti niachie mwenyewe. Lete mtoto."

Akamweka. Akaifunga kanga kwa mikono ya mtu asiyejua fundo, nikalirudia mwenyewe. Teke la kwanza likanipata mbavuni, palepale pa Elia. Nikainuka kwa kushika kitanda, nikatoka nje.

Nikazunguka ua wa Saida, kutoka tangi la maji hadi getini, na kurudi. Hakuna muuza kachori, hakuna fundi cherehani, hakuna mama anayechambua mchele. Kuna ukuta mweupe na maua ya kwenye makopo. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi zikawa chache, kisha kimya. Nikahisi mate ya joto yananiteremka mgongoni. Sikujua kama amelala, maana mbebaji hamwoni anayembeba. Enzi zetu muda huo watu watano wangekuwa wamekwisha kuniambia. Nikasimama getini kwa mazoea, nikisubiri mtu apite, na hakupita mtu.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini. Saida alikuwa amesimama mlangoni, simu ameiacha ndani.

"Mama, kalala huyo. Kichwa kimekwenda upande."

Nikainama kidogo, nikamrusha juu, nikakaza fundo.