Siku Kiberiti Alipopanda Mizani ya Magunia

Ipo siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyofunga ndoa, mwanangu, ila mama yako asisikie. Imenirudia jana, nilipowasikia wewe na wenzako hapo barazani, simu ikipita mkono kwa mkono, mkibishana kama mabondia wa zamani, wale wembamba wa kwenye picha zisizo na rangi, wangeweza kuwaangusha hawa mapande ya watu wa siku hizi. Mmoja wenu alikaribia kurusha kiatu. Nilicheka peke yangu chumbani hadi nikakohoa, kwa sababu ubishi huo mimi niliubisha kabla hujazaliwa, na nusura umng'oe meno mtu ambaye hata hakuwepo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni zilikuwa zimerudi madukani, wanunuzi binafsi wa nafaka wameruhusiwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa watu wa Dar vikaanza kutufikia na sisi wa Dodoma. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Buigiri na begi moja, nauza suruali za mitumba soko la Majengo. Nilikuwa na mdomo, usiniulize niliupata wapi. Suruali iliyotoboka goti niliweza kuiuza kwa kumsifia mteja magoti yake.

Nyuma ya soko kulikuwa na banda la video, mabati na maturubai tu, jenereta ikinguruma nje kuliko sauti ya ndani. Jumapili moja mchana wakaweka mkanda wa ndondi za uzito wa juu kutoka Marekani. Mwanangu, hatukuwahi kuona watu wa namna ile. Shingo ya mtu pana kuliko kichwa chake! Mmoja alipompiga mwenzake ngumi ya taya, banda zima tulishika mataya yetu.

Mkanda ulipoisha, Sospeter akasimama. Huyu alikuwa mbeba marobota pale sokoni, jitu la miraba minne, robota la mitumba alilibeba mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Kwa kawaida alikuwa mpole, ila siku hiyo damu ilikuwa imemchemka.

"Hawa ndiyo mabondia," akasema. "Hao wazee wetu wanaojisifu hapa mjini wangekufa kwa upepo wa ngumi tu."

Nilichukia, kwa sababu mimi nilikuwa na mzee wangu. Aliitwa Mzee Ramadhani, fundi mizani, mzaliwa wa mjini hapa tangu enzi za babu zake waliokuja na misafara ya biashara. Kibanda chake kilitazamana na meza yangu. Alikuwa mfupi, mkavu, na watu wazima wote walimwita Kiberiti, maana miaka ile ya kuelekea uhuru alipigana ngumi za uzito mwepesi na akawa bingwa wa kanda yote ya kati. Nilipofika mjini sina ndugu, yeye ndiye aliyenipa kona ya kibanda chake nihifadhi mzigo. Na kila mchana mkewe, Bi Zaina, alipoleta ugali, sahani yangu ilikuwepo. Kumgusa Kiberiti ilikuwa kunigusa mimi.

"Mzee Kiberiti angekuangusha wewe pamoja na hao wa kwenye video," nikamwambia Sospeter. "Hata leo!"

Hilo "hata leo" ndilo lililoniponza. Watu wakalidaka. Hata leo? Hata leo! Lini? Jumamosi! Wapi? Pale wanaposhushia magunia! Kesho yake asubuhi nikatafuta ubao, nikaandika kwa mkaa, herufi kubwa kubwa: KIBERITI ATAPAMBANA NA SOSPETER, JUMAMOSI SAA TISA. Nikauning'iniza kwenye nguzo ya lango la soko. Mzee mwenyewe alikuwa Kongwa, kaenda kutengeneza mizani za wanunuzi wa mahindi. Wazo la kumuuliza kwanza halikunijia hata kidogo.

Bi Zaina ndiye aliyeuona ubao. Alikuja mezani kwangu na kikapu chake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu ubao umeandika wewe, Elia?"

"Mimi, mama. Namtetea mzee."

"Unamtetea! Mume wangu ana miaka sitini na tatu, na meno aliyobakiwa nayo nayajua kwa idadi. Wewe ukishamtetea, ngumi atakula nani?"

Ndipo akili ikanirudi, na ikarudi imechelewa. Mzee akija Jumamosi ataumizwa. Asipokuja, soko zima litasema Kiberiti kimelowa maji, na lile jina alilolijenga ujanani nitakuwa nimelibomoa mimi niliyekula ugali wake. Nikakimbilia langoni kuuondoa ubao, nikakuta wamesimama watu ishirini wanausoma, mmoja akaniuliza kama kutakuwa na viti. Nikaona aibu hata ya kuugusa.

Mzee alirudi Alhamisi. Nilimkuta langoni, mikono nyuma, anasoma taratibu kama barua. Nikamwamkia kwa sauti ya kuku. Hakufoka.

"Elia," akasema, "mimi nilijifunza kupigana kwa miaka kumi na miwili. Wewe kunipiganisha umejifunza kwa siku ngapi?"

Nikamwomba radhi, nikasema nautoa ubao sasa hivi.

"Uache. Watu wameshaalikwa. Jumamosi uje mapema, unisaidie kuitoa nje mizani kubwa."

Siku mbili hizo nilikonda, mwanangu. Na jitu lenyewe Sospeter lilinivuta pembeni Ijumaa, limejikunyata. "Elia, mimi nampigaje yule mzee? Mama yangu alipougua, yeye ndiye aliyekuja kumsomea dua." Kumbe mdomo wangu ulikuwa umetutega sote watatu.

Jumamosi watu walijaa mpaka wauza karanga wakaishiwa. Tuliiburuta ile mizani ya kupimia magunia hadi katikati. Kisha Mzee Kiberiti akatoka kibandani kwake amevaa bukta yake ya zamani ya ngumi, nyekundu iliyopauka, kaifunga kwa kamba ya katani isimdondoke. Watu wakapiga kelele za furaha. Mzee akainua mkono.

"Kwetu sisi, kabla mtu hajavaa glavu, alipimwa," akasema. "Nani alimwona bondia anapanda ulingoni bila kupimwa?"

Akapanda yeye. Kilo sitini na mbili. Akapanda Sospeter, mizani ikalia, kilo tisini na saba.

"Tofauti ni kilo thelathini na tano. Karibu debe mbili za mtama. Elia, njoo hapa. Wewe ndiye uliyesema, basi wewe ndiye utakayepigana."

Alikuwa ameshaandaa gunia lenye mtama wa kiasi hicho. Akanitwisha mabegani. "Hizo ndizo kilo zitakazokuegemea kila mtakapokumbatiana ulingoni. Sasa inua mikono, rukaruka, nikutazame. Dakika tatu." Akatoa saa.

Dakika ya kwanza nilirukaruka. Ya pili nilisukasuka. Ya tatu hatukuonana nayo, maana magoti yalikunjika, nikaenda chini mimi na mtama, gunia likapasuka, na kuku wote wa soko la Majengo wakanijia kichwani. Watu walicheka wakakaa chini. Hata Bi Zaina, aliyekuja amekunja uso, alijifunika na khanga.

Sospeter alicheka kuliko wote, mpaka mzee alipomgeukia. "Na wewe, lipige lile robota la mitumba pale pembeni. Dakika tatu, bila kupumzika." Akalitwanga kwa kishindo, vumbi likatoka. Baada ya dakika moja na nusu alikuwa amelikumbatia, ulimi nje. "Wale wa kwenye mkanda wanafanya hivyo raundi kumi na mbili," mzee akamwambia. "Usijione wao kwa sababu ya kifua."

Halafu akaturudia sote.

"Mnataka jibu? Nimewahi kuona mfupi akimlaza mrefu. Yule mrefu alikuwa hajafundishwa, alitegemea urefu. Hawa wa leo ni wakubwa, wamefundishwa, na miguu yao myepesi. Hata ningekuwa kijana, mzima kabisa, ningewakwepa raundi mbili, tatu. Ya nne mngeniokota."

Nilitamani aseme vingine.

"Na sioni haya kulisema. Nilikuwa bingwa wa watu wa kilo sitini. Niliwapiga wote waliopanda mizani yangu, na walikuwa wanaume wenye mikono miwili. Elia, ubingwa huo haukukutosha? Mpaka nilipige jitu ndiyo uniheshimu?"

Ngumi iliyorushwa siku ile ni hiyo moja tu, na ilinipata mimi. Nililia mbele za watu, mtama umenijaa nyweleni. Sospeter ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha akambeba mzee mabegani, wakaizunguka mizani, soko zima likiimba "Kiberiti! Kiberiti!" na Bi Zaina akikimbia nyuma yao akipiga kelele, "Mshushe, ana mgongo!"

Sasa mwanangu, bishaneni, sikukatazi, ubishi unachangamsha damu. Ila usiahidi ngumi za mtu mwingine kabla hujamuuliza, maana wewe utashangilia na yeye ataumia. Na mtu unayempenda, mheshimu kwa uzito wake mwenyewe aliopigana nao, usimwongezee kilo ambazo hakuwahi kuzibeba.

Nalisema hili kwa sababu nimekusikia pia ukiwaambia wenzako wa chuo huko Chimwaga kwamba baba yako, angesoma, leo angekuwa waziri. Najua umesema kwa mapenzi, na nimefurahi. Lakini waziri sikuwa, mwanangu. Niliuza suruali. Nilikusomesha kwa suruali, na niliziuza vizuri kuliko mtu yeyote wa meza zile. Waambie hivyo, inatosha kabisa.

Mungu akupe kifua cha kubeba kilo zako, macho ya kuziona za wenzako, na mdomo mfupi kuliko wangu. Siku utakayopanda mizani yako, akukute umesimama wima, na mimi niwepo nikupigie makofi.